Zege Lililobaki Pevensey

Pevensey ni mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza, katika eneo la East Sussex, kati ya Eastbourne na Bexhill. Magharibi yake milima ya chokaa ya South Downs inakatika ghafla baharini kwenye genge la Beachy Head, lenye kimo cha mita 162. Mashariki, vilima vya Hastings vinaanza kuinuka. Katikati ya miinuko hiyo miwili ardhi imelala tambarare: ufuo mrefu wa changarawe, na nyuma yake kinamasi cha kale kilichokaushwa kwa mifereji kikawa malisho. Jeshi linalovuka bahari kutoka Ufaransa halipati mahali pepesi pa kuteremka kuliko hapo kwa kilomita nyingi. Warumi walilitambua hilo mwishoni mwa karne ya 3, wakajenga ngome juu ya rasi iliyozungukwa na maji. William wa Normandy aliteremsha jeshi lake papo hapo tarehe 28 Septemba 1066. Na mwaka 1940, wapangaji wa vita wa Ujerumani walipochora ramani zao, waliichagua ghuba ileile.

Maandalizi ya kuuzuia uvamizi huo yameacha alama ambazo bado zinaonekana: vibanda vya zege vyenye matundu ya kufyatulia bunduki, mapande ya zege ya kuzuia vifaru, kuta za kale zilizozibwa kwa tofali, misingi ya mizinga. Wengi wanaopita huzitazama kama picha kamili ya ulinzi wa wakati ule. Sivyo. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kigumu kubomoa, au kilichosimama mahali ambapo hakikumsumbua mtu, na aghalabu hicho sicho kilichotegemewa zaidi. Anayetaka kuuelewa mwaka 1940 kwa kutazama zege peke yake atapotoka. Inambidi kando ya kila kilichopo aweke vilivyotoweka, na aulize kwa nini kimoja kimekaa na kingine kimeondoka.

Haraka ya kujenga ilitokana na kushindwa. Ujerumani iliivamia Ufaransa na majirani zake tarehe 10 Mei 1940, na kabla mwezi haujaisha jeshi la Uingereza lilikuwa limesukumwa hadi bandari ya Dunkirk. Kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni, wanajeshi zaidi ya 338,000 wa Uingereza na washirika wake waliokolewa kwa meli, lakini karibu mizinga, vifaru na magari yao yote yaliachwa nyuma. Jeshi lililorudi lilikuwa na watu, halikuwa na zana. Ndiyo sababu zege lilibebeshwa mzigo mkubwa kiasi kile: saruji, changarawe na vibarua vilipatikana nchini, ilhali mizinga ya kupiga vifaru ilikuwa haba.

Jenerali Edmund Ironside, aliyekabidhiwa majeshi ya nyumbani tarehe 27 Mei, alipanga ulinzi kwa matabaka. Pwani ingekuwa na ganda jembamba la kumchelewesha adui. Nyuma yake ingefuata mistari ya kumzuia iliyotumia mito, mifereji na njia za reli, na ndani zaidi mstari mkuu wa kuilinda London na viwanda vya katikati ya nchi. Hakuna aliyetarajia ganda la pwani limshinde adui peke yake; lilitakiwa kumshika saa chache ufuoni ili meli za kivita na vikosi vya akiba viwahi kufika. Hili ni jambo la kukumbukwa kila mtu anapokishangaa kibanda cha Pevensey kwa udogo wake. Hakikujengwa ili kishinde.

Kwamba Pevensey ingekuwa miongoni mwa shabaha halikuwa fumbo. Luteni Jenerali Andrew Thorne, aliyekuwa na dhamana ya Kent na Sussex, na ambaye kabla ya vita aliwahi kuwa mwambata wa kijeshi Berlin, alimweleza waziri mkuu Winston Churchill mwishoni mwa Juni kwamba anatarajia Wajerumani 80,000 wateremke kati ya Thanet na Pevensey. Amri ya Hitler ya kuandaa uvamizi ilitoka tarehe 16 Julai. Mpango wa mwisho uliugawa mwambao kuanzia Folkestone hadi karibu na Brighton katika fukwe nne, na ufuo uliopewa herufi D ulianzia Bexhill ukaishia Eastbourne. Thorne hakuwa ameuona mpango huo. Ardhi yenyewe ilimtosha.

Ulinzi uliosimamishwa kuanzia kiangazi kile unaeleweka vizuri zaidi ukifuatwa kwa mpangilio ambao mvamizi angekutana nao, kutoka majini kwenda bara. Katika fukwe nyingi za kusini na mashariki, kikwazo cha kwanza kilikuwa uzio wa mabomba ya chuma, ya aina ileile ambayo mafundi ujenzi huyafunga kuzunguka jengo, ulioinuka karibu mita 2.7 na kusimikwa ndani ya maji au kwenye mstari wa maji kujaa. Uzio huo ulikusudiwa kuzizuia boti za kutua na kuvinasa vifaru vikiwa bado majini. Baada yake yalifuata mabomu ya kutegwa, yaliyofukiwa kwenye changarawe na mchanga, kisha seng'enge safu juu ya safu. Magati ya starehe, ambayo miji ya pwani ya Uingereza iliyajenga kwa ajili ya watalii, nayo yaligeuka hatari kwa kuwa meli ya adui ingeweza kuegesha pale. Mengi yalikatwa katikati. Gati la Eastbourne liling'olewa mbao za sakafu, na bunduki za rashasha zikawekwa ndani ya ukumbi wake wa maonyesho.

Juu ya mstari wa maji ndipo palipokaa zege. Mapande ya mchemraba yenye upana wa mita moja na zaidi yalipangwa kwa safu mahali ambapo kifaru kingeweza kupanda kutoka ufuoni; mahali pengine zilitumika nguzo fupi zilizochongoka au ukuta mzima. Kati yake viliwekwa vibanda vya bunduki, na kwa umbali wa kilomita kadhaa kati ya kimoja na kingine, vituo vya mizinga ya pwani. Vituo hivyo vilijengwa kwa dharura na kupewa mizinga iliyokuwa ghalani tangu meli za vita ya kwanza ya dunia zilipovunjwa. Pale Eastbourne, mizinga miwili ya aina hiyo yenye kipenyo cha inchi 6 ilisimikwa mbele ya Wish Tower.

Wish Tower yenyewe ni mabaki ya hofu ya zamani zaidi. Kati ya 1805 na 1808, Waingereza walipomwogopa Napoleon, walijenga mfululizo wa minara mifupi ya mviringo kuanzia Folkestone hadi Eastbourne, na mnara wa 74 ukaongezwa Seaford mwaka 1810. Kila mmoja ulikula tofali karibu nusu milioni, na ukuta wake wa upande wa bahari ulifikia unene wa mita 4. Napoleon hakuja. Baada ya miaka zaidi ya 130, jeshi lililokosa muda wa kujenga liliikuta ghuba ya Pevensey ikiwa tayari na minara hiyo, likaitumia kama vituo vya kuangalizia, na baadhi yake ikaongezewa vichwa vya zege juu ya paa. Mtu asiyejua historia yake hudhani mnara na kichwa chake ni kitu kimoja. Kwa kweli vimetenganishwa na zaidi ya karne.

Nyuma ya ufuo ulikuwa ukanda wa kinamasi. Hapo ulinzi ulibadilika sura, kwa sababu malisho yaliyokatwakatwa na mifereji yalikuwa kikwazo tosha kwa vifaru. Palipotakiwa kulindwa ni madaraja na barabara chache zilizovuka kwenda Hailsham na bara. Vibanda vya eneo hili vinakaa kando ya mitaro na kwenye vivuko, na matundu yake hayatazami bahari bali njia. Hofu nyingine ilikuwa ya askari wa miavuli na ndege za kutua, ambao tambarare ile iliwafaa sana.

Katika ukingo wa tambarare, kilomita moja na nusu hivi kutoka baharini, ndipo ilipo ngome, na hapa ndipo Pevensey inapozidi sehemu nyingine zote za pwani hiyo. Katika zama za Warumi maji yalifika chini ya kuta. Tangu hapo bahari imerudi nyuma na ngome ikabaki nchi kavu. Kuta za Kirumi, ambazo mahali pengine zinafikia mita 8, zinazunguka uwanja mkubwa wa umbo la yai, na katika kona yake moja Wanormani waliweka ngome ndogo ya ndani yenye minara. Wakati Waingereza walipoingojea armada ya Hispania, mwaka 1588, mizinga iliwekwa uwanjani humo. Baadaye palibaki magofu ya kutembelewa, na mwaka 1925 Duke wa Devonshire aliyakabidhi kwa serikali yahifadhiwe.

Miaka 15 baadaye magofu yakawa tena kambi. Kuanzia Mei 1940 ngome ilitumika kama kituo cha amri na cha kuangalizia, kwa sababu juu ya kuta zake tambarare yote na njia panda za kijiji zilionekana. Minara ya Kinormani ilitiwa tofali ndani na sakafu za mbao, ikawa mabweni. Mahali ambapo ukuta wa Kirumi ulikuwa umeanguka, pengo lilizibwa kwa ukuta wa tofali na mapande ya kuzuia vifaru. Lango la magharibi liliwekewa jengo la zege la kuziba njia. Vikosi vilipokezana humo miaka yote ya vita: askari wa kawaida, mgambo wa nyumbani, Wakanada, na mwaka 1944 kikosi cha anga cha jeshi la Marekani kilichokitumia kituo hicho kuongozea ndege kwa redio.

Kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa kuliko zote ni vituo vya rashasha. Badala ya kuvisimamisha wazi, wajenzi walivipachika ndani ya kuta na vifusi vya ngome, wakavivika mawe yaleyale ya zamani, hata tundu la kufyatulia likaonekana kama ufa wa kawaida katika gofu. Viwili viko kwenye mabaki ya jumba kuu la Kinormani; kingine kimejificha katika ukuta wa Kirumi uliobomoka. Hata leo mgeni huweza kusimama hatua chache kutoka kimojawapo asikione mpaka aelekezwe. Rubani wa ndege ya upelelezi, aliyepita juu kwa kasi, hangeweza kukitambua.

Sehemu nyingine za pwani zilitumia ujanja wa namna hiyo kwa njia za kuchekesha kidogo. Vibanda vilipakwa rangi vikafanana na vioski vya chai, nyumba za wavuvi, marundo ya nyasi kavu au ofisi za kukatia tiketi. Wachoraji na wasanifu wa majukwaa ya maonyesho waliajiriwa kwa kazi hiyo; Oliver Messel, msanifu maarufu wa majukwaa ya London, alikuwa mmoja wao. Rangi na turubai hizo hazikudumu hata miaka michache. Kwa hiyo vibanda vinavyoonekana leo, vya kijivu na uchi, vina sura ambayo wajenzi wake walijitahidi visiwe nayo. Pevensey ni miongoni mwa mahali pachache ambapo maficho yenyewe yamesalia, kwa kuwa yalijengwa kwa mawe.

Kibanda cha kawaida kilitokana na michoro iliyotolewa na idara ya ngome ya Wizara ya Vita katikati ya mwaka 1940. Kila mchoro ulikuwa na namba. Namba 22 ulikuwa na pande sita zilizo sawa. Namba 24, uliojengwa kwa wingi kuliko yote, nao ulikuwa na pande sita, ila ukuta wa nyuma wenye mlango ulikuwa mrefu kuliko mingine. Namba 26 ulikuwa mraba, na namba 28 ulikuwa mkubwa zaidi, umekusudiwa kuhifadhi mzinga wa kupiga vifaru. Kuta nyembamba za sentimita 30 au zaidi kidogo zilizuia risasi tu; kuta za karibu mita moja zilikusudiwa kustahimili makombora. Ndani, katikati, ulisimama ukuta mfupi wa kuzuia risasi inayopenya tundu moja isidunde huku na huku ikawamaliza wote waliomo.

Michoro hiyo ilikabidhiwa wakandarasi wa kiraia wa kila eneo, na kila mmoja alijenga kwa alivyonavyo. Mbao za kushikilia zege lisimwagike zilikuwa adimu, hivyo mafundi wengi walijenga kwanza ganda la tofali ndani na nje, wakamimina zege katikati, na ganda likaachwa. Ndiyo sababu vibanda vingi huonekana kama vimejengwa kwa tofali. Pale ambapo ganda limebomoka, zege lililo nyuma yake huonyesha alama za tofali zilizobonyea, na mahali zilipotumika mbao, nyuzi za mti bado zinasomeka kwenye ukuta. Waliotumia changarawe ya ufuoni bila kuiosha waliacha chumvi ndani ya zege. Chumvi hula nondo, nondo ikioza huvimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani.

Silaha za kuwekwa ndani ya vibanda hivyo zilichelewa, na nyingine hazikuja. Vibanda vya namba 28 vilipaswa kupewa mizinga ambayo jeshi halikuwa nayo ya kutosha, kwa hiyo baadhi vilipewa mizinga midogo ya majini ya vita iliyopita, ambayo ilifungwa kwa boliti juu ya msingi wa zege. Mwaka 1941 ilikuja silaha nyingine ya dharura, mzinga mdogo wa Blacker, uliobuniwa na Stewart Blacker na kugawiwa kwa wingi kwa mgambo wa nyumbani. Ulikaa juu ya kigogo kifupi cha zege chenye pini ya chuma kisichopata kutu. Silaha zenyewe zilikwenda. Vigogo vimebaki kandokando ya barabara na madaraja mengi ya Uingereza, pini zake zikiwa bado zinang'aa, na wapitao wengi huvidhani ni misingi ya nguzo za zamani.

Imani katika zege haikudumu. Jenerali Alan Brooke alipochukua nafasi ya Ironside mwezi Julai 1940, alipunguza kazi kwenye mistari ya bara akatilia mkazo vikosi vyenye magari, vinavyoweza kukimbilia mahali popote adui atakapoteremka. Kadiri jeshi lilivyopata zana, vibanda vilianza kuonekana kama mitego: askari aliyefungiwa ndani haoni sana, hasikii sana, na adui akishajua alipo hana pa kwenda. Ujenzi ulififia tangu 1941. Sehemu kubwa ya zege linaloonekana leo, kwa hiyo, ni kazi ya miezi michache ya kiangazi kimoja, na ni alama ya fikra ambayo jeshi lenyewe liliiacha mapema.

Vitu vilivyofanya kazi kubwa zaidi kiangazi kile havikuacha chochote cha kulinganishwa na vibanda. Mfano ulio karibu ni kituo cha rada cha Pevensey, kilichokuwa kiungo katika mnyororo wa vituo vilivyoziona ndege za Ujerumani zikiwa bado juu ya Ufaransa. Tarehe 12 Agosti 1940, ndege za kikosi maalumu cha Ujerumani zilikishambulia pamoja na vituo vya Rye na Dover. Mabomu yalikata nyaya zake za umeme, lakini baada ya saa chache kilikuwa kinafanya kazi tena. Rada hiyo ilisaidia ndege za kivita za Uingereza kutoshindwa angani, na bila ushindi wa angani Wajerumani hawakuweza kuvuka. Tarehe 17 Septemba Hitler aliuahirisha uvamizi bila kutaja siku. Milingoti mirefu ya chuma ya Pevensey, ambayo enzi hizo ilionekana kutoka mbali kuliko ngome, ilishashushwa. Mtalii anayepiga picha kibanda cha zege anakipiga kitu ambacho hakikuwahi kufyatua risasi hata moja dhidi ya jeshi la kuteremka, na hapiti kabisa mahali ambapo vita kwa hakika vilipiganwa.

Mabomu ya ufuoni ni mfano mwingine, wa kusikitisha. Yalitegwa kwa mamia ya maelfu kuzunguka pwani za Uingereza, mara nyingi kwa ramani za haraka, kisha bahari ikaisogeza changarawe na mabomu pamoja nayo. Yalipotakiwa kuondolewa, kuanzia 1943, ramani hazikulingana tena na ufuo. Wahandisi wa jeshi zaidi ya 100 walikufa katika kazi hiyo. Ufuo wa Trimingham, Norfolk, haukutangazwa kuwa salama hadi 1966. Mei 1955 huko Swanage, watoto watano wa shule waliokuwa wakicheza ufuoni waliuawa na bomu lililosalia. Hakuna sehemu nyingine ya ulinzi ule iliyogharimu Waingereza wenyewe maisha mengi kiasi hicho baada ya hatari ya uvamizi kupita, na hakuna iliyofutwa kwa ukamilifu zaidi juu ya ardhi.

Kwa nini, basi, hiki kilibaki na kile kikaondoka? Kanuni ya kwanza ilikuwa pesa za wageni. Miji ya mapumziko ilitaka fukwe zake zirudi haraka, kwa hiyo seng'enge, mabomba na mapande ya zege viliondolewa Eastbourne na kwingineko mara tu vita vilipokwisha, na mabomba hayo ya chuma yalikuwa na soko tayari katika nchi iliyokuwa inajijenga upya. Ya pili ilikuwa magari: vizuizi vya barabarani vilitoweka mapema kuliko vyote kwa kuwa viliziba njia ya kila mtu. Ya tatu ilikuwa uzito. Kibanda chenye ukuta wa nusu mita kilichokaa pembeni mwa shamba kilihitaji baruti au wiki nzima ya vibarua, na eneo lililookolewa lingekuwa dogo. Mkulima alikiacha, akahifadhi humo zana au kondoo. Mapande ya ufuoni mara nyingine yalipata kazi mpya ya kuvunja nguvu za mawimbi, ndipo yakasalimika.

Ngome ya Pevensey haingii vizuri katika kanuni yoyote kati ya hizo tatu, kwa sababu pale uamuzi ulifanywa kwa makusudi. Vita vilipokwisha, Wizara ya Ujenzi, iliyokuwa na dhamana ya magofu, ililibomoa jengo la lango la magharibi lakini ikaacha vituo vya rashasha na ukarabati wa minara, kwa hoja kwamba navyo ni sehemu ya historia ya ngome. Wakati huo hoja hiyo haikuwa ya kawaida. Kwa wengi, zege la 1940 lilikuwa takataka ya vita juu ya gofu la kale, na wataalamu wa mambo ya kale walizoea kuondoa kila tabaka la karibuni ili la zamani lionekane safi. Wizara ilikuwa sahihi. Bila vituo hivyo, ngome ingesimulia kwamba kazi yake iliisha na Wanormani, ilhali mahali pale palilindwa tena na tena kwa sababu ileile ya umbo la nchi.

Nje ya ngome, kupendezwa na mabaki haya kulichelewa kwa miongo. Kazi ya mwanzo yenye uzito ni kitabu cha Henry Wills kuhusu vibanda hivyo kilichochapishwa 1985, kilichotegemea barua za wasomaji wa magazeti waliomweleza wapi wameona nini. Kisha kati ya 1995 na 2002, Baraza la Akiolojia la Uingereza liliendesha mradi uliotumia mamia ya watu wa kujitolea, wakaandikisha karibu sehemu 20,000 za ulinzi wa karne ya 20. Hukadiriwa kuwa vibanda na vituo vingine vigumu vya aina hiyo vilivyojengwa vilifika 28,000, na kwamba vilivyosalia ni 6,500 hivi. Watafiti wa leo hawaishii kwenye kuhesabu. Hulinganisha kila kibanda na shajara za vikosi zilizohifadhiwa kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew na picha zilizopigwa kutoka angani miaka ya 1940, ambazo huonyesha mistari ya mahandaki, seng'enge na vijia vya askari ambavyo ardhini havionekani tena. Hapo ndipo kibanda kinapopata maana, kwa kuwa hakikusudiwa kusimama peke yake: kililindwa na mahandaki yaliyokizunguka, na tundu lake lilivuka mwelekeo wa tundu la jirani yake.

Je, ulinzi huo ungefaa kitu? Swali hili limejadiliwa tangu vita viishe. Mwaka 1974 chuo cha kijeshi cha Sandhurst kiliendesha mchezo wa vita uliohukumiwa na maafisa wa pande zote mbili, Adolf Galland, aliyekuwa rubani wa kivita wa Ujerumani, akiwemo. Katika mchezo huo Wajerumani walifaulu kuteremka na kusogea bara, kisha wakashindwa kwa sababu meli za kivita za Uingereza zilikata njia yao ya bahari na kuwaacha bila risasi na chakula. Matokeo ya mchezo si ushahidi wa historia, lakini yanakubaliana na hesabu za wakati ule: matishari ya mtoni yaliyokusanywa kubeba jeshi la uvamizi yalikuwa ya mwendo mdogo, na yangevuka maji yaliyotawaliwa na adui. Vibanda vya Pevensey vingepitwa. Swali lililofaa kuulizwa mwaka 1940 ni vingepitwa baada ya saa ngapi, na hilo mchezo wowote hulijibu kwa kukisia tu.

Tishio kubwa kwa mabaki hayo sasa ni bahari na ujenzi. Katika pwani laini za mashariki, kama Holderness, ambako nchi hupoteza karibu mita 2 kwa mwaka, vibanda vilivyojengwa juu ya magenge leo vimelala ufuoni kichwa chini, na wanajiolojia huvitumia kupimia kasi ya mmomonyoko kwa kuwa mahali pake pa awali panajulikana. Pevensey imelindwa kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2000 ukuta wake wa changarawe wa kilomita 9 ulitunzwa kwa mkataba wa miaka 25, malori yakirudisha changarawe inayosukumwa mashariki na mawimbi. Hilo limenusuru nyumba na kinamasi kisifurike, ingawa maana yake ni kwamba ufuo unaotazamwa leo umejazwa na kusawazishwa mara nyingi tangu 1940. Upande wa magharibi wa ghuba, bandari ya mashua ya Sovereign Harbour iliyofunguliwa 1993 imeumeza uwanja mpana wa changarawe, na minara miwili ya enzi ya Napoleon imebaki kati ya nyumba mpya. Mingine kadhaa ya ghuba imekuwa makazi ya watu.

Kisheria hali haiko sawa kila mahali. Ngome inalindwa kikamilifu pamoja na nyongeza zake za 1940. Baadhi ya vibanda na mapande ya pwani vimeorodheshwa kama majengo au kumbukumbu za kihistoria, hasa pale vinapokaa kwa kundi na kuonyesha mpango mzima, kama kwenye bonde la Cuckmere magharibi ya Eastbourne, ambako handaki la kuzuia vifaru, kuta na vibanda bado vinaonekana pamoja. Kibanda kimoja kilichojitenga hupewa uzito mdogo. Vichache vimepata ulinzi kwa njia ya mzunguko: popo wameingia kulala humo majira ya baridi, na kwa kuwa popo wanalindwa na sheria, haviguswi bila kibali; mahali pengine matundu yamezibwa nusu makusudi ili wanyama hao wa usiku wapate giza na utulivu. Vilivyosalia, ambavyo ndivyo vingi, viko kwenye malisho ya watu binafsi bila orodha wala kibao, na uamuzi wa kuvitunza au kuvivunja uko kwa mwenye shamba.